Mate ya Kunguni Muuaji

Watu wakimwona kunguni muuaji, mdudu anayewinda wadudu wenzake, kwa mara ya kwanza, huuogopa mdomo: mrefu, mgumu, umekunjwa chini ya kichwa. Mimi ninayewafuga maabara nawaambia waogope mate.

Chukua Platymeris rhadamanthus wa kwetu Afrika Mashariki, mweusi, mwenye madoa mawili ya rangi ya chungwa juu ya mbawa. Mchana hujibanza kwenye nyufa za magome. Usiku hutulia tuli mpaka mende ajilete mwenyewe, kisha humvamia na kumkumbatia kwa miguu ya mbele, yenye vitakia vya vinyweleo vinavyong'ang'ania hata ganda linaloteleza. Mdomo hauchomi ovyo. Unapapasa mpaka upate penye ulaini, shingoni au kwenye maungio ya miguu. Ndani yake mna sindano zenye mifereji miwili: mmoja wa kuingiza mate, mwingine wa kufyonzea. Mende hutapatapa sekunde chache tu, kwisha.

Kunguni huyu hatafuni. Vimeng'enya vya mate huyeyusha nyama ndani ya ganda la mende mwenyewe, naye anavuta uji taratibu. Ukiokota mabaki, kwa macho ni mende mzima. Mkononi hana uzito. Kando ya Ziwa Viktoria, watoto wa kunguni muuaji mwingine, Acanthaspis petax, hawatupi mabaki ya mawindo yao: hujibandika mgongoni rundo la mizoga ya sisimizi. Katika majaribio, buibui warukaji waliwashambulia zaidi wale waliovuliwa mzigo huo.

Platymeris hutema mate pia, yakafika sentimita 30 hivi, na yakiingia jichoni yanachoma vibaya. Mimi huvaa miwani kila ninapofungua kisanduku chao. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walionyesha kwamba tezi za mate za jamaa yake, Pristhesancus plagipennis, zina sehemu mbili zenye sumu tofauti: ya nyuma hupooza mawindo, ya mbele ni ya kujihami.

Ndugu mwingine, Platymeris laevicollis, alichukuliwa Zanzibar akapelekwa India na visiwa vya Pasifiki ili ale mbawakawa wenye pembe wanaotoboa vilele vya minazi. Anawala kweli, ila hachagui. Akimpata mdudu mwingine njiani, ameshiba. Kule Pasifiki aliyewapunguza mbawakawa hasa ni kirusi kilichosambazwa tangu miaka ya 1960. Hata hivyo ukimkuta kunguni huyu kwenye mnazi wako mwache, na ukitaka kumhamisha tumia kopo, si vidole.