Daraja lipime, oskiloskopu ilinganishe

Oskiloskopu, kile kifaa kinachochora wimbi la umeme kwenye skrini, ikiwa ya megahezi 100 haikuahidi kukusomea volti sawasawa kwenye megahezi 100. Hapo ndipo inapoonyesha takriban asilimia 70 tu ya volti iliyopo. Juu yake kuna probu, waya wa kugusia saketi: hata ile ya mara 10, inayopunguza wimbi mara kumi, ina kapasitansi ya kama pikofaradi 12, ambazo kwenye masafa hayo ni sawa na kuibebesha saketi yako omu 130 hivi. Kwa hiyo kwenye vipuri vya redio siiulizi volti ni ngapi. Naiuliza ipi kubwa, hii au ile, na kwa mara ngapi.

Kazi iliyobaki hufanywa na daraja, saketi ya mikono minne iliyounganishwa kama mraba, lile lile alilolieleza Samuel Christie mwaka 1833 na baadaye likachukua jina la Wheatstone. Rezista tatu za omu 50, mkono wa nne ni kitu unachokipima. Jenereta ya mawimbi ya redio inalisha pembe mbili zinazotazamana. Oskiloskopu, ikiwa imewekewa rezista ya omu 50 kwenye mlango wake, inatazama tofauti ya pembe mbili nyingine kupitia transfoma ndogo ya feriti.

Acha mkono wa nne wazi, soma kimo cha wimbi. Upige shoti, soma tena. Vimo visipokaribiana, usiendelee: daraja lenyewe lina kasoro, mara nyingi miguu ya rezista imeachwa mirefu. Vikikubaliana, unganisha antena. Milivolti 500 zikishuka hadi 50, hizo ni desibeli 20, yaani asilimia 1 tu ya nguvu ndiyo inayorudishwa na antena. Upungufu wa oskiloskopu umejifuta, maana ulikuwemo katika vipimo vyote.

Ninapopapenda zaidi ni karibu na sufuri. Antena ikikaribia omu 50, wimbi la msingi huzama, na kwenye skrini vinabaki vilele viwili mahali palipokuwa na kimoja. Hilo ni wimbi la masafa maradufu, takataka ya jenereta. Antena haikutengenezwa kwa ajili yake, basi hulirudisha karibu lote. Diodi na mita ya sindano, badala ya oskiloskopu, ingejumlisha yote na kuilaumu antena bure. Weka kichujio cha kuzuia masafa hayo ya juu kati ya jenereta na daraja, mabaki yatashuka papo hapo.

Koili naipima bila daraja. Naiunganisha sambamba na kapasita ya pikofaradi 100, nailisha kupitia kapasita ndogo sana, kisha nazungusha masafa hadi wimbi lifike kileleni. Tuseme ni megahezi 7.1. Wengi hapo watakokotoa ukubwa wa koili kwa masafa hayo na pikofaradi 100, waandike mikrohenri 5.0. Lakini probu imeleta pikofaradi zake 12, kwa hiyo zinazozunguka na koili ni 112, na jibu ni mikrohenri 4.5.