Je, wajua kwa nini Jenerali Dumas wa Ufaransa alitumia jina la mjakazi?

Juni 1786, kijana wa miaka 24 alijiandikisha katika jeshi la Ufaransa, askari wa kawaida wa farasi. Baba yake alikuwa markizi, yaani mtu wa tabaka la makabaila, na jina la ukoo lilikuwa refu: Davy de la Pailleterie. Yeye akaandikisha Dumas, jina la mama yake, Marie-Cessette, mjakazi mweusi wa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti.

Familia husimulia kwamba mzee alimkataza kulishusha jina la ukoo hadi kwa askari wa chini. Naamini kulikuwa na zaidi. Baba huyohuyo, alipohitaji nauli ya kurudi kwao, alimweka mwanawe rehani: alimuuza kwa sharti la kuweza kumkomboa baadaye. Alimkomboa kweli, na mtoto akashuka bandari ya Le Havre mwaka 1776, ana miaka 14. Mama akaachwa ng'ambo. Mtu aliyepigwa bei na babake mzazi ana deni gani na jina la baba?

Mapinduzi ya 1789 yalifungua vyeo vilivyokuwa vya wenye nasaba. Februari 1792 Dumas alikuwa koplo. Septemba 1793, jenerali wa divisheni! Mwaka 1794 vikosi vyake viliteka njia ya Mont Cenis, katikati ya theluji ya Alps. Kisha Machi 1797, pale Klausen, katika Tirol, jimbo la milima la Austria, alisimama peke yake kwenye daraja jembamba. Farasi wake alikuwa ameuawa, upanga u mkononi, na kila aliyesogea alikutana nao hadi wenzake walipofika. Waaustria wakamwita Shetani Mweusi.

Misri ndiko nyota yake ilikozimika. Aliongoza askari wa farasi mwaka 1798, akakosana na Napoleon Bonaparte, mkuu wa jeshi hilo, akaomba kurudi. Meli yake ikavuja, ikatia nanga Taranto, kusini mwa Italia, palipokuwa mikononi mwa maadui wa Ufaransa, akafungwa miaka miwili. Alitoka 1801 afya imekwisha, na serikali ikamnyima pensheni. Alifariki 1806, mwanawe Alexandre hajatimiza miaka minne.

Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya. Mwenyewe alisimulia kwamba wafalme waliporudi madarakani mwaka 1814, mama yake alimuuliza: utajiita Davy de la Pailleterie, au Dumas? Akajibu Dumas.