Udanganyifu katika vyeti vya dawa vya kielektroniki huzuiwaje?

Cheti cha dawa cha kielektroniki ni maagizo ya daktari yanayoandikwa kwenye kompyuta na kumfikia mfamasia kwa mtandao. Kuzuia udanganyifu ndani yake ni kuhakikisha kwamba aliyesaini ndiye daktari mwenyewe, kwamba maandishi hayakuguswa njiani, na kwamba dawa haitolewi mara mbili kwa cheti kimoja.

Kwenye karatasi mlaghai hahitaji ujuzi mwingi. Vidonge 10 vinageuka 100 kwa sifuri moja na kalamu ya rangi ileile. Nakala za cheti zinazungushwa maduka matatu kwa siku moja. Mfumo wa kielektroniki umebana hila hizo. Saini ya kidijitali hukokotolewa kutokana na maandishi yenyewe pamoja na ufunguo wa siri wa aliyesaini, kwa hiyo tarakimu moja ikibadilishwa saini haikubali tena. Nchini Estonia, tangu 2010, vyeti hukaa kwenye hifadhi moja ya taifa. Duka lolote la dawa linaweza kukifungua cheti, na dawa ikishatolewa, maduka mengine yote yanaona kwamba kimeshatumika.

Basi mwizi amehama. Badala ya kughushi cheti, sasa anaiba akaunti ya anayeandika vyeti. Akiipata, kila anachotuma kina saini halali, na anaweza kutuma vingi usiku kucha akiwa mji mwingine. Mara nyingi hata udukuzi hauhitajiki: nywila ya daktari imebandikwa pembeni ya skrini, au kliniki nzima inaijua kwa sababu foleni ni ndefu na daktari yuko wodini.

Ndiyo maana Marekani, ilipoanza mwaka 2010 kuruhusu vyeti vya kielektroniki kwa dawa zinazodhibitiwa, zikiwemo za kutuliza maumivu makali kama morfini, ilibana zaidi upande wa daktari. Utambulisho wake huhakikiwa kabla ya kupewa uwezo wa kusaini. Kila anaposaini hutakiwa vitu viwili kati ya vitatu: anachokijua, kama nywila; alichonacho, kama kifaa kinachotoa namba; au alama ya mwili, kama ya kidole. Kifaa kikipotea, atoe taarifa ndani ya siku moja ya kazi. Na kumpa mtu ruhusa ya kusaini kunahitaji watu wawili. Kwangu sharti hili la mwisho ndilo lenye akili kuliko yote, maana linamzuia karani mmoja kumtengeneza daktari hewa.

Teknolojia hii haimgusi daktari halisi anayeuza vyeti, wala mgonjwa anayezunguka kwa madaktari watano kukusanya dawa ileile. Saini zao ni za kweli. Hao hunaswa kwa kulinganisha kumbukumbu: nani kaandika nini, kwa nani, saa ngapi, na dawa ilichukuliwa wapi. Lakini kumbukumbu zisizosomwa na mtu hazikamati mtu. Mfamasia akiona daktari wa meno anaagiza vidonge vikali vya miezi mitatu, anasimamisha kazi na kupiga simu kliniki. Namba anayopiga ni ile iliyo kwenye orodha ya duka. Ya kwenye cheti haiaminiki, kwa kuwa aliyeiba akaunti anaweza kuwa ameiweka ya kwake.