Mwongozaji na Mtunzi wa Miondoko katika Tamthilia ya Muziki: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Wengi huamini kwamba katika tamthilia ya muziki mwongozaji ndiye mwenye hadithi, naye mtunzi wa miondoko huitwa baadaye kuipamba kwa ngoma mbili tatu. Hakuna dhana inayoidhulumu kazi hii kuliko hiyo, na historia ya Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho mjini New York, inaikanusha waziwazi. Mwaka 1943 mtunzi wa miondoko Agnes de Mille aliitungia tamthilia ya muziki Oklahoma! ngoma ndefu ya ndoto, ambamo msichana aliyebanwa kati ya wanaume wawili anakutana na hofu ambayo hajathubutu kuitamka. Mwaka 1957 Jerome Robbins, aliyeongoza tamthilia ya muziki West Side Story na kusimamia miondoko yake, alidai wiki nane za mazoezi badala ya nne zilizozoeleka, akawakataza waigizaji wa magenge mawili hasimu kuchangamana hata wakati wa mapumziko. Mchezo unapoanza, kabla ya mazungumzo yoyote, vijana wanaalisha vidole, mwendo wao wa mtaani unageuka polepole kuwa ngoma, na mtazamaji anafahamu mara moja nani anaumiliki mtaa na nani anautaka. Sioni mtu anayeweza kuonyesha hapo uongozaji umeishia wapi na koreografia, yaani utunzi wa miondoko, imeanzia wapi.

Husemwa pia kwamba anayetaka kazi hii sharti awe na mwili usio na dosari. Bob Fosse, mwongozaji na mtunzi wa miondoko, alikuwa na miguu inayoelekea ndani na mabega yaliyoinama, na nywele zilipoanza kumtoka akavaa kofia. Hayo yote aliyageuza kuwa mtindo: magoti yanayokabiliana, bega moja lililopandishwa, kofia iliyoshushwa usoni, kiganja kinachocheza ilhali mwili mzima umetulia. Mwaka 1973 alitwaa tuzo za Oscar (ya filamu), Tony (ya jukwaa) na Emmy (ya televisheni), zote kwa uongozaji.

Dhana nyingine ni kwamba mwongozaji huamuru na wachezaji hutii tu. Januari 1974 mwongozaji Michael Bennett aliketi usiku kucha na wachezaji wa ngoma, akanasa kwenye kanda masimulizi ya maisha yao, na kutokana na kanda hizo ikazaliwa tamthilia ya muziki A Chorus Line, iliyofika Broadway mwaka 1975 na kuonyeshwa mara 6,137 hadi mwaka 1990. Wachezaji wale waliyatoa masimulizi yao kwa dola 1, na ingawa baadaye walipewa sehemu ya mapato, jambo hilo linapaswa kumfundisha kila kijana wa fani hii kusoma mkataba kabla ya kuutia saini.

Maana wapo wanaodhani kwamba miondoko haina mwenyewe. Mwaka 1952 mtunzi wa miondoko Hanya Holm alisajili nchini Marekani hakimiliki ya miondoko yake ya tamthilia ya muziki Kiss Me, Kate, ikiwa imeandikwa kwa alama za Laban, mfumo wa kuandika miondoko karatasini, na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1976 ikaitaja koreografia wazi miongoni mwa kazi zinazolindwa.

Mwisho, hudhaniwa kwamba kazi hukamilika usiku wa uzinduzi. Kwa kawaida mchezo wa Broadway huonyeshwa mara nane kwa wiki, na mwongozaji akishaondoka, kiongozi wa wachezaji ndiye anayeilinda kazi yake isipinde. Kwenye ukingo wa jukwaa kuna namba zinazoanzia sifuri katikati na kuongezeka kuelekea pande zote mbili. Mchezaji akiumia saa moja kabla ya pazia kufunguliwa, mbadala wake hufungua daftari na kupitia kila hesabu ya nane, yaani kila kipande cha ngoma cha midundo minane: asimame namba ngapi, aanze na mguu upi, na ni mkono wa nani atakaoukuta gizani.