Websaiti ya shule England ina kalenda yake, sio kazi ya Septemba tu

Swali ambalo makatibu wa shule hutuuliza sana ofisini kwetu ni hili, kwani websaiti si tuliimaliza mwaka jana? Mliimaliza ndio, ila sheria haiishii kwenye kuuliza kama peji ipo, inataka pia kilichomo kiwe cha mwaka huu. Na ndo hapo shule nyingi zinaponaswa, unafungua unakuta kila kitu kipo, menyu nzuri, picha kali, halafu ripoti zenyewe za miaka miwili nyuma.

Nazungumzia England pekee, maana Wales na Scotland wana utaratibu wao. Na hata ndani ya England shule hazilingani. Zile za halmashauri zinabanwa na kanuni za taarifa za shule za 2008, ambazo marekebisho ya 2012 ndo yakazihamishia taarifa mtandaoni. Akademi, yani shule za umma zinazopata hela moja kwa moja serikali kuu bila kupitia halmashauri, zenyewe zinabanwa zaidi na mkataba wao wa fedha na serikali. Listi zao za vitu vya kuweka kwenye websaiti zinafanana sana lakini sio pacha, kwa hiyo ukikopi listi ya shule jirani bila kuuliza ni ya aina gani unaweza kuhangaika na kitu kisichokuhusu ukaacha kinachokuhusu. Wizara ya Elimu ina mwongozo wake kwa kila aina, chukua wa kwako.

Sasa tuje kwenye tarehe. Inayowachanganya watu kuliko zote ni ya sera ya kupokea wanafunzi, yani hivi, watoto watakaoanza Septemba 2027 sera yao inatakiwa iwe imepitishwa kufikia 28 Februari 2026 na iwe kwenye websaiti kufikia 15 Machi 2026, mwaka na nusu kabla mtoto hajavaa sare. Halafu inatakiwa ibaki hapo mwaka mzima wa masomo ambao nafasi zinatolewa, maana yake ikifika Machi 2027 unaweka ya Septemba 2028 na ile ya 2027 bado ipo. Mbili kwa pamoja. Kosa tunalokutana nalo kila mara ni mtu anaaplodi mpya anafuta ya zamani, na wakati huohuo mzazi aliyekosa nafasi 1 Machi kwa sekondari au 16 Aprili kwa primari anaitafuta hiyohiyo ya zamani akate rufaa, haioni. Ratiba ya rufaa nayo inatakiwa iwe imewekwa kufikia 28 Februari. Kama shule yenu wanafunzi wanapangwa na halmashauri basi kazi yenu ni nyepesi, mnaeleza mzazi atazipata wapi taarifa hizo na mnaweka linki, ila linki ifanye kazi jamani.

Desemba kuna ile hela ya nyongeza, pupil premium, ambayo serikali inaipa shule kwa ajili ya watoto wa familia zenye kipato kidogo, na ambayo wazazi wengi mnaijua kupitia fomu ya chakula cha bure. Shule inayoipata lazima iweke mpango wake kufikia 31 Desemba kila mwaka, kwenye fomu maalumu ya Wizara, ikieleza hela inatumikaje na mwaka uliopita ilileta matokeo gani. Mpango unaweza kuwa wa miaka mitatu, sawa, lakini kila mwaka unapitiwa na kuwekwa upya. Hapa nawasihi wenye shule ndogo wawe makini, ukiandika kwamba watoto wawili wa darasa fulani wanaopata hela hii wamefeli kusoma, kijiji kizima kinajua ni watoto wa nani, hayo sio matokeo tena, hiyo ni siri ya mtoto umeimwaga. Akademi wao wana na hesabu zao zilizokaguliwa, hizo mwisho 31 Januari.

Kuna vitu havina tarehe kabisa na ndo vinavyooza kimyakimya. Magavana kwa mfano, yani wajumbe wa bodi ya shule. Jina, lini kateuliwa, na nani, muda wake unaisha lini, maslahi yake ya kibiashara, na mahudhurio yake kwenye vikao vya mwaka uliopita. Gavana akiondoka leo humfuti kesho, aliyehudumu ndani ya miezi 12 iliyopita anatakiwa bado aonekane. Mwalimu anayeratibu watoto wenye mahitaji maalumu naye akibadilika katikati ya mwaka, ripoti ya shule kuhusu watoto hao inatakiwa irekebishwe mapema iwezekanavyo, msisubiri mwaka uishe. Halafu sera ya ulinzi wa watoto, hii inapitiwa angalau mara moja kwa mwaka, na kwa kuwa mwongozo mpya wa serikali kwa kawaida unaanza kazi Septemba, sera inayotaja mwongozo wa mwaka juzi inajulikana kwa jicho moja tu. Na wakaguzi wa Ofsted, ofisi ya serikali inayokagua shule, wanaisoma websaiti kabla hawajakanyaga getini.

Tukiwa hapo kwa Ofsted, shule inatakiwa iweke ripoti yake ya mwisho au linki yake. Ile alama moja ya jumla kwa shule nzima ilifutwa Septemba 2024 na kadi mpya za ripoti zikaanza Novemba 2025, ila bado unaona bango kubwa juu ya peji linajisifu kwa alama ya ukaguzi wa zamani bila hata mwaka. Kama mnalipenda sana liacheni, basi wekeni tarehe pembeni.

Picha za watoto hazimo kwenye listi ya lazima, lakini ndo zinaweza kuleta balaa kubwa zaidi. Kule Kenya mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Uingereza sheria ni nyingine ila mantiki ni ileile, mzazi akiondoa ridhaa picha inatoka, na ili itoke lazima mtu ajue iko peji gani.

Ushauri wangu wa kikazi ni kila peji iwe na mwenyewe kwa cheo, sio kwa jina la mtu, maana watu wanahama shule na pasiwedi wanaondoka nayo. Juu ya kila waraka andika umepitishwa lini na utapitiwa lini. Msiskani karatasi ikawa picha, mzazi anayetumia programu ya kumsomea hatasikia kitu.

Na mzazi usiyependa mambo ya mtandao, una haki ya kuomba taarifa hizo kwenye karatasi na shule inakupa bure, huchajiwi hata peni. Ukiona kitu hakipo anza na ofisi ya shule au karani wa magavana kwa imeili, wakikaa kimya fuata utaratibu wa malalamiko, ambao nao ni lazima uwe kwenye websaiti hiyohiyo.