Paa jipya? Hongera. Sasa nionyeshe misumari

Kazi yangu ni kukagua jinsi nyumba zilivyoimarishwa dhidi ya upepo wa kimbunga. Wiki hii wateja wa namna hii wamefika watatu. Mwenye nyumba ananipokea mlangoni, hapa Florida, ananyoosha kidole juu: "Kaka, paa hili lina miezi minne tu. Wewe jaza fomu nipunguziwe bima." Hata ngazi sijaishusha garini.

Sheria ya Florida inazilazimisha kampuni za bima kupunguza malipo ya upepo kwa nyumba iliyoimarishwa. Ni sehemu ya upepo tu. Mafuriko yana bima yake. Lakini vigae vipya ni swali moja tu kwenye fomu 1802, ile ninayoijaza kwa ajili ya punguzo hilo. Upepo wa kimbunga hulinyanyua paa, na likishaanza kunyanyuka, cha maana ni kilicholifunga ukutani. Vigae ulivinunua lini, haidhuru.

Kwa hiyo natambaa darini, kwenye joto la Julai nisilotaka hata kulieleza, natafuta chuma kinachoshika kenchi. Kama ni misumari ya mshazari peke yake, yaani iliyopigwa kwa kuinamishwa bila chuma, uko daraja la chini kabisa. Chuma kikiishia ubavuni mwa kenchi, kina misumari mitatu, hakijaliwa na kutu, hiyo ni klipu. Kikipita juu na kushuka upande wa pili, ni mkanda, na hapo ndipo tunapogombana. Mkanda unahesabiwa ukiwa na misumari miwili mbele na angalau mmoja nyuma. Nimekuta mikanda imeikumbatia kenchi vizuri kabisa, misumari mitatu mbele, nyuma patupu. Sijui fundi aliitiwa chakula! Naandika klipu. Ukiwa na miwili tu kwa jumla, hata klipu siandiki. Unarudi kundi la mshazari. Mteja ananitazama kama nimemwibia, na msumari wenyewe hata senti hamsini haufiki.

Tena fomu inauliza kiungo dhaifu kuliko vyote, siyo kile kizuri nilichokipiga picha. Hapa niseme ukweli: sizifikii kenchi zote. Kule pembeni paa linashuka mpaka tumbo halipiti, na sufi ya kuzuia joto imefunika nusu. Naona kadhaa, natia saini kwa nyumba nzima. Hilo huninyima raha.

Madirisha nayo, kwa kifupi: kidirisha kimoja cha bafuni kisicho na kinga kinaweza kukunyima daraja la juu uliloligharamia kwa vioo vyote vingine. Mlango wa gereji usiusahau.

Paa jipya lina faida yake, sikatai, hasa kama mafundi waliongeza misumari kwenye plaiwudi kabla ya kufunika: ya inchi 2.5, kila baada ya inchi 6. Piga picha siku hiyo hiyo, maana baadaye nitabaki kuchungulia ncha zake kutoka darini.

Yule wa tatu nilimwambia aite fundi akapige ile misumari ya nyuma, kisha aniite tena. Akaniuliza kama haiwezekani kuiandika kabisa sasa hivi, maana paa ni jipya.