Si ukali unaotuliza darasa

Imani hii ni ya siku nyingi: darasa likitulia, basi mwalimu wake ni mkali, likiwa na fujo, hajui kukaripia.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Jacob Kounin, naye alianzia hapo. Alitaka kujua ni namna gani ya kukemea inayofaa zaidi, akarekodi masomo kwa video na kuyachambua. Matokeo aliyochapisha mwaka 1970 yalimgeuzia swali lenyewe: jinsi mwalimu alivyokemea haikueleza kwa nini darasa moja lilitulia na jingine likawa na vurugu. Tofauti kubwa ilikuwa kabla ya kosa.

Mwalimu aliyefanikiwa alikuwa macho. Anasahihisha daftari la mmoja huku akiona minong'ono inayoanza nyuma, na anaizima kwa kumtazama tu mhusika, bila kusimamisha somo. Tena anampata mhusika mwenyewe. Ukimkemea aliyechokozwa ukamwacha mchokozi, na hili hutokea mno, darasa zima linajua kwamba huoni.

Jambo la pili linapuuzwa kwa sababu halionekani kuwa nidhamu: mwendo wa somo. Dakika 3 za kutafuta chaki au kurudia maelekezo yaliyokwisha kueleweka zinatosha kuzaa kelele. Hata mwanafunzi mpole hutafuta la kufanya akiachwa bure.

Kukemea bado kuna nafasi yake. Kosa likishatokea halifumbiwi macho. Ila mwalimu anayefoka kutwa nzima mara nyingi amechelewa tu.